Maonesho ya wakulima kwenye kata yako: mwongozo kwa mtumishi wa kanisa anayeishi kijijini

Mimi ni mwinjilisti. Kanisa lilinituma Kilolo nikitokea Lushoto, na kwa kuwa nimekulia kwenye viazi na kabichi za Usambara, nilikuja na mengi ya kuwafundisha watu. Huku juu, upande wa Dabaga, nikakuta baridi nyingine, udongo mwingine, na wazee wanaolima vinyungu, vile vishamba vya mabondeni vinavyolimwa kiangazi chote, kwa ustadi ambao sikuwahi kuuona kwetu. Ilinichukua misimu miwili kunyamaza na kujifunza. Wa tatu tukaanza maonesho.

Utauliza maonesho ya nini wakati Nane Nane ipo. Kila mwaka kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, nyanda za juu kusini zote hukutana viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Ni shughuli nzuri na ninaipenda. Lakini kutoka Iringa mjini hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kabla ya hapo mtu wa Kilolo ameshashuka mlima kwa boda boda na Noah. Anayekwenda ni mwenyekiti wa kikundi na kijana mwenye nauli. Mama mwenye mtoto mgongoni na heka moja na nusu ya mahindi haendi, na huyo ndiye anayeilisha kaya. Maonesho ya kata ni kwa ajili yake.

Nimeyaandika haya kwa mwinjilisti, katekista, sista, mchungaji, padre, au mmisionari aliyetoka nchi nyingine akapangiwa kijiji huku kwetu. Ukianza Aprili, utakuwa tayari Septemba.

Hatua ya kwanza: kaa na watu kabla ya kupanga chochote

Misheni na kilimo vimeshikana huku tangu zamani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wa Consolata walipokea kazi ya Iringa, Tosamaganga ikiwemo, mwaka 1919. Popote penye misheni ya zamani utakuta miti ya matunda, bustani, ng'ombe, pengine na mashine ya kusaga. Mengi mema yalitoka humo. Lakini shamba lilikuwa la misheni, na mkulima alikuja kama kibarua au mwanafunzi. Mazoea hayo hayajaisha vichwani: ukiitisha kikao cha kilimo kanisani, watu watakaa kimya wakisubiri useme utaleta nini.

Kwa hiyo usiitishe kikao kwanza. Aprili na Mei, mvua zikielekea kukatika, tembea shambani. Piga hodi, salimu kwa lugha yao ("Kamwene" inafungua mlango mwingi Uheheni), mpe mzee shikamoo yake, shika jembe ukikuta watu wanalima, kisha uliza maswali matatu tu. Mwaka jana nini kiliharibika baada ya kuvunwa? Uliuza kwa nani, kwa kipimo gani? Mbegu uliyopanda uliipata wapi?

Andika majibu kwenye daftari, ukiwaomba ruhusa. Nyumba thelathini zinatosha. Sisi tulidhani tatizo kubwa lingekuwa mbolea. Majibu yalipokusanywa, waliolalamikia mbolea walikuwa wachache kuliko waliolalamikia mahindi kuoza kwenye dari na viazi kuuzwa kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Tungeanza na tulichodhani, tungeandaa maonesho ya mbolea.

Hapo sasa itisha kikao. Kifanyike ofisi ya kijiji au chini ya mti wa shule, mbali na kanisa, ili Mwislamu, Msabato na asiyesali popote wajue wameitwa. Soma majibu bila kutaja majina. Waombe wachague kamati ya watu saba hadi tisa, nusu yao wakiwa akina mama, na mweka hazina asitoke baraza la wazee wa kanisa. Wewe uwe katibu. Kazi ya katibu ni kuandika barua, kupiga simu na kutunza daftari, na ndiyo kazi ambayo mtumishi wa kanisa anaiweza kuliko wengi kijijini.

Hatua ya pili: barua

Iandikwe na kamati, isainiwe na mwenyekiti wa kamati. Iende kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata na afisa ugani. Mtendaji wa kata atakuelekeza taarifa inayotakiwa polisi kuhusu mkusanyiko. Bwana afya naye ajulishwe mapema, kwa sababu ya mama lishe na vyoo.

Afisa ugani usimpe barua tu, mfuate. Mara nyingi ana vijiji kadhaa, pikipiki moja, na mafuta ya kubahatisha. Ukimshirikisha toka mwanzo atakuwa nguzo yako. Ukimshtukiza wiki moja kabla, atakuja kama mgeni, na utakuwa umemvunjia heshima mbele ya wakulima wake.

Hatua ya tatu: siku na mahali

Ukanda wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa Juni hadi Agosti. Ukiweka maonesho Julai, watu wako shambani na baridi inakata. Agosti wiki ya kwanza, maafisa wote wako Nane Nane. Oktoba mwishoni, watu wameshanunua mbegu au wameshakosa hela. Katikati ya Septemba panafaa: mazao yako nyumbani, vinyungu vina viazi vibichi vya kuonyeshea, na zimebaki wiki sita hadi nane za kufanya uamuzi wa mbegu.

Siku ya wiki nayo ina mambo yake. Jumapili haifai, sababu iko wazi. Jumamosi utawaacha Wasabato, Ijumaa mchana utawaacha Waislamu, na siku ya mnada utakosa kila mtu. Sisi tunafanya Alhamisi. Angalia pia kalenda ya kipaimara na mitihani ya darasa la saba. Na mwambie kila mtu mapema kwamba kijiji kikipata msiba siku hiyo, tunaahirisha. Sema hivyo kikaoni, kwa sauti, wazee wakisikia. Itakujengea imani kuliko mahubiri kumi.

Mahali pawe na kivuli, choo, maji ya kunawa, na njia ambayo Fuso inaweza kuingia. Uwanja wa shule unafaa. Septemba majani yamekauka na upepo ni mkali, kwa hiyo majiko ya mama lishe yawe upande mmoja, yamefyekewa pembeni, na ndoo za mchanga ziwe karibu. Moto ukianza kilimani huku, unakwenda na misitu ya watu.

Hatua ya nne: meza

Hapa ndipo roho ya maonesho ilipo, na hapa ndipo nakuomba usiwe na haraka. Maonesho mengi niliyowahi kuona ni mabango na vipeperushi. Mkulima anapita, anapewa karatasi, anaondoka. Kanuni yetu ni moja: kila meza iwe na jambo ambalo mkulima atalifanya kwa mkono wake mwenyewe, kwa zao lake mwenyewe, na ataweza kulirudia nyumbani bila kununua kitu. Na kila meza isimamiwe na mkulima. Mtaalamu akae nyuma yake, ajibu akiulizwa.

*Mizani.* Iwe meza ya kwanza mlangoni. Azima mizani mbili, moja ya kuning'iniza yenye kubeba hadi kilo 200 na moja ndogo ya mezani. Asubuhi zijaribuni mbele ya watu kwa mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, wauone mshale ukisimama pale unapotakiwa. Bila hilo, mtu mmoja atasema "hiyo mizani yenu imechezewa," na meza imekufa.

Kisha waombe watu walete gunia kama wanavyoliuza. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa, lile gunia lililojazwa likaongezewa rundo la juu na kushonewa kamba, linapita hapo kwa mbali. Kila mtu huku analijua hilo kwa maneno. Kulijua kwa namba ni jambo jingine.

Mwaka wa pili mama mmoja alileta gunia lake la viazi juu ya baiskeli, mwanawe akisukuma. Vijana wakalipandisha. Mshale ukasimama kwenye 131. Mama akautazama muda mrefu, kisha akasema, "Lishusheni, mlipandishe tena." Wakalishusha, wakalipandisha. Ukasimama palepale. Akafungua pindo la kanga, akatoa kalamu, akaandika 131 kwenye kiganja cha mkono. Halafu akasogea pembeni, akasimama na mwanawe, nikamwona anahesabu kwa vidole magunia ya msimu mzima. Hakuna aliyezungumza pale mezani kwa muda, na mimi sikuona sababu ya kuwa wa kwanza.

Baada ya kupima, msimamizi amsaidie mkulima kufanya hesabu moja tu: bei aliyouzia gunia, igawe kwa kilo zilizomo. Ampe namba hiyo kwenye karatasi. Usimwambie asiuze tena lumbesa, kwa sababu mmoja akikataa, mnunuzi anasogea nyumba ya pili. Hilo linahitaji wauzaji wa barabara nzima wakubaliane, na makubaliano hayo yatazaliwa kwenye mjadala wa mchana, yakitoka kwao. Pima na debe pia: debe lililofutwa kwa ubao, kisha debe lililorundikwa. Tofauti ya hizo mbili iandikwe ukutani kwa chaki.

*Chupa na chumvi.* Hii ni ya mahindi, na Kilolo kwenye ukungu ni ya lazima. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa. Jaza mahindi theluthi moja. Weka vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa kwenye kikaango mpaka haishikani. Funga, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15 au karibu na hapo, hayaendi ghalani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, unyevu umeshuka. Hata hivyo, kwa kuhifadhi muda mrefu unataka kama asilimia 13, kwa hiyo yaanike siku nyingine mbili za jua kali juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Andaa chupa tatu za mfano: mahindi mabichi, ya nusu, na makavu. Kisha achia watu wapime ya kwao. Msimamizi aeleze sababu bila kutisha kupita kiasi: mahindi yenye unyevu yanaota kuvu, na kuvu fulani huacha sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupika ugali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Wanaijua habari hiyo. Waambie tu kwamba sumu kama hiyo inaweza kuanzia kwenye dari lenye moshi na unyevu.

*Mifuko ya kuhifadhia.* Pembeni ya chupa weka mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, ule wa PICS au wa aina hiyo. Mwonyeshe mkulima kupuliza mifuko miwili ya ndani kama puto na kusikiliza kama inavuja, kujaza, kukamua hewa, kukunja shingo na kufunga kila tabaka kwa kamba yake. Dumuzi na fukusi waliomo hukosa hewa wakafa, bila dawa. Mahindi mabichi ndani ya mfuko huu yataoza, ndiyo maana meza hii inafuata ile ya chupa. Kama unaweza, fanya hivi: Machi, jaza mfuko mmoja na gunia la kawaida moja kwa mahindi yaleyale, viweke nyumba moja, uvifungue Septemba hadharani. Tulipofungua la kawaida, unga ulimwagika. Hakuna aliyehitaji maelezo.

*Kuotesha mbegu.* Anza siku saba kabla. Omba wakulima kumi wakupe mbegu wanayokusudia kupanda, iwe ya mahindi au maharage. Kwa kila mmoja hesabu punje 100, zipange mistari kumi ya punje kumi kumi juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke jikoni ambako baridi haifiki, na kinyunyizwe kila siku. Siku ya maonesho vifungueni mbele yao wahesabu wenyewe. Zikiota 85 au zaidi, mbegu ni nzima. Zikiota 70, itabidi aongeze punje shimoni. Chini ya hapo asiipande; kama haikuwekwa dawa, aile.

Ongeza onyo moja. Mbegu chotara iliyorudiwa, yaani iliyotolewa kwenye mavuno ya mwaka jana, inaweza kuota vizuri kabisa na bado ikakuangusha shambani, kwa sababu nguvu ya uchotara inapungua kizazi cha pili. Maharage hayana shida hiyo. Mbegu nzuri ya maharage, mathalani Uyole Njano, unaweza kuirudia kwa misimu kadhaa ukiichambua na kuondoa zenye madoa. Tofauti hii haijulikani na wengi, na imewagharimu. TARI Uyole, kituo cha utafiti kilichoko Mbeya, ndicho kilichotoa aina nyingi za mahindi na maharage zinazofaa baridi ya huku, mahindi ya UH 6303 yakiwemo. Waandikie mapema kuomba sampuli au mtaalamu.

*Viazi na mnyauko.* Chukua shina la kiazi kilichonyauka kwenye kinyungu wakati ardhi ina maji. Kata kipande cha vidole viwili karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Kama ni mnyauko bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Weka karatasi nyeusi nyuma ya glasi zionekane vizuri. Weka glasi ya pili yenye shina lisilo na ugonjwa, walinganishe.

Mashina haya ni ugonjwa unaotembea. Yaletwe ndani ya mfuko uliofungwa, na mtu mmoja tu. Jioni mashina yachomwe, maji yachemshwe kabla ya kumwagwa, visu vioshwe kwa dawa ya madoa. Watu waone ukifanya hivyo, maana ndivyo nao wanavyotakiwa kufanya shambani: kung'oa, kuchoma, na kutorudisha viazi kwenye kipande hicho kwa misimu kadhaa. Nyanya, mnavu na bilinganya navyo visipandwe hapo, ni ndugu moja na kiazi.

*Kuku.* Septemba ni mwezi wa chanjo ya kideri kwa vijiji vingi vinavyochanja Januari, Mei na Septemba. Mtaalamu wa mifugo akija na chanjo ya I-2, ni tone moja kwenye jicho moja, na kila mkulima ajifunze kumshika kuku na kudondosha mwenyewe. Lakini kuku wasikusanywe uwanjani. Tumieni wachache wa nyumba jirani kwa mafunzo, kisha wachanjaji wapite nyumba kwa nyumba.

Nguruwe asifike kabisa. Nalisema kwa ukali kwa sababu najua ushawishi ulivyo: kila kijiji kina mtu mwenye dume kubwa la kujivunia. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inabebwa na damu, nyama, viatu na kamba. Nguruwe watano wa vijiji vitano wakikutana saa sita, unaweza kuua nguruwe wa kata nzima. Mfugaji wa nguruwe na aje na picha kwenye simu na maelezo ya banda lake.

Hatua ya tano: wafanyabiashara wa pembejeo

Mwaka wa kwanza nilimruhusu muuzaji mmoja wa mbegu kwa sababu alitupa turubai mbili na spika. Sikuangalia mzigo wake. Akauza vizuri siku nzima. Desemba, mama mmoja akanipeleka kwenye shamba lake, tukasimama kwenye mistari ambayo kati ya shimo na shimo kulikuwa na mapengo ya hatua mbili, tatu. Baada yake wakaja wengine tisa. Hawakwenda kwa muuzaji, hawakujua hata alikotoka. Walikuja kwangu, kwa sababu walinunua kwenye uwanja nilioufungua kwa sala. Nilikaa nao, nikawaomba radhi mmoja mmoja, na kamati ikatafuta mbegu ya maharage ya kujazia mapengo. Mahindi ya mwaka ule hayakurudi.

Tangu hapo masharti ni haya, na hayana upendeleo kwa mfadhili yeyote. Muuzaji aonyeshe usajili wake kwa afisa ugani kabla ya kupewa meza. Kila pakiti ya mbegu iwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kamati ikwangue chache na kuhakiki namba kwa simu mbele ya muuzaji. Viuatilifu viwe vilivyosajiliwa, kwenye chupa yake, na maelezo ya Kiswahili. Kupimiana kwenye chupa za soda ni marufuku. Kila mnunuzi apate risiti yenye jina la muuzaji na namba ya fungu la mbegu. Na kutoka kila fungu, kamati inunue pakiti moja, isainiwe na muuzaji na mwenyekiti, ifungiwe kabatini ofisi ya kijiji hadi Januari. Wauzaji waaminifu hawakatai. Aliyekataa mwaka jana tulimshukuru, akaondoka.

Hatua ya sita: fedha na zawadi

Gharama kubwa ni usafiri wa wataalamu, chakula chao, spika na karatasi. Vingine vyote vinaazimwa. Kila kaya ichangie kitu, hata viazi vya kupika. Chakula cha uwanjani kiuzwe na vikundi vya akina mama, na faida iwe yao.

Mmisionari mwenye marafiki nje atashawishika kuleta mbegu au mbolea za bure. Ningekusihi usifanye hivyo siku ya maonesho. Foleni ya vitu vya bure inaua meza zote. Watu wanashika namba zao, hawaendi kwenye chupa wala mizani. Ukiwa na fedha, nunua mizani ya pili, au lipia nauli ya wakulima watatu wa kata jirani waje wafundishe.

Zawadi ziwe vitendea kazi: jembe, mifuko ya kuhifadhia, turubai la kuanikia. Waamuzi watoke kata nyingine. Wasipime kabichi kwa ukubwa tu. Mshiriki asimame kando ya zao lake aeleze alivyolilima, na maelezo yabebe nusu ya alama. Mwaka jana jembe lilikwenda kwa bibi mmoja mwenye maharage ya kawaida kabisa, ambaye aliweza kutaja tarehe aliyopanda, alipopalilia na mvua ilipomkatikia.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Meza ziwe tayari saa 2 asubuhi. Saa 3 ufunguzi, na usizidi dakika 15: sala fupi ya Mkristo, dua fupi ya Mwislamu, salamu za mtendaji, basi. Mgeni rasmi apite mezani kama watu wengine na aseme jambo lake mchana. Mwombe kwa heshima wiki mbili kabla. Wengi wanakubali wakielezwa kwamba wakulima wametembea saa mbili na watarudi kwa miguu.

Saa 3:30 hadi saa 8 ni meza. Vijana wa kwaya wapangwe kuongoza makundi ya watu kumi kumi, kila meza dakika 20, na kila kundi liwe na mtu wa kueleza kwa Kihehe. Wazee wanaelewa Kiswahili vizuri, lakini maswali yao ya kweli yanatoka kwa lugha ya nyumbani. Saa 8 mjadala wa wazi, mikrofoni ikizunguka kwa wakulima pekee. Zawadi saa 9:30. Saa 10 mnafunga, maana giza la milimani halingoji mtu. Kangala na pombe nyingine zisiuzwe uwanjani. Kamati yetu ililiamua hili yenyewe, na akina mama ndio waliopiga kura kwa mikono miwili.

Na mahubiri? Siku hiyo sihubiri. Sigawi vipeperushi vya kanisa, siandikishi majina ya waumini kwenye daftari la wakulima. Akiniuliza mtu kwa nini mwinjilisti anashinda kwenye vumbi na mizani, namjibu kwa ukweli ninachoamini, naye akitaka zaidi anajua nyumbani kwangu.

Hatua ya nane: Novemba

Wiki moja baada ya maonesho, kamati isome mapato na matumizi hadharani, ibandike karatasi kwenye mbao za matangazo za kijiji, na kurudisha kila kilichoazimwa. Mambo yaliyokubaliwa kwenye mjadala yaandikwe na tarehe na jina la mwenye jukumu. Huku kwetu vikundi viwili vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, viliamua kununua mizani yao na kuuza viazi kwa kilo, barabara yote pamoja. Wanunuzi wawili waliacha kupita kwa wiki tatu. Ilikuwa wiki ngumu, na niliwatembelea kila nyumba. Wa tatu akaja akapima.

Kisha subiri mvua. Wakati wa maonesho, kila aliyeamua kujaribu jambo jipya alipewa kamba yenye mafundo, sentimita 75 kwa mstari na 30 kwa shimo, akaandika jina kwenye daftari. Mahindi yakifika urefu wa goti, pitia majina hayo yote pamoja na afisa ugani. Uvae buti, ubebe daftari na futi. Mwombe mkulima akuonyeshe mistari ya mbegu mpya na mistari ya mbegu yake ya siku zote. Pimeni mita kumi katika kila upande. Kwa kamba ile mnatarajia mashina kama 33. Mwache yeye ahesabu kwa sauti, wewe uandike namba zote mbili, hata kama ile ya zamani ndiyo iliyoshinda.